Wakivua jezi ya Mazembe na Vita, wanakwenda wapi?



Mwezi huu nimeombwa niandike juu ya mpira, na mimi sikukataa, maana darasani kwangu mpira unazungumzwa kuliko hesabu. Ukiwauliza watoto wa darasa la sita wanataka kuwa nani, wawili watasema daktari, mmoja rubani, wasichana watatu watasema mwalimu (nawashukuru), na wavulana wote waliobaki ni wachezaji. Tena si wachezaji hivi hivi. Huyu ni Samatta, yule ni Mayele, na kuna mdogo mmoja anajiita Kidiaba. Akidaka mpira wa makaratasi anakaa chini na kurukaruka kwa makalio kama Kidiaba mwenyewe, mpaka kaptura ya shule imetoboka. Mama yake alikuja kunilalamikia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Halafu akaniuliza: "Mwalimu, hao watu wakishamaliza kucheza, wanakula nini?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Sisi huwa tunawajua wachezaji wakiwa uwanjani tu. Redio inatuambia nani kafunga, nani kaumia, nani kauzwa. Siku jina likipotea redioni, na sisi tunamsahau mtu. Basi nimefuatilia habari za watu wa klabu mbili ambazo familia nyingi hapa zinazijua tangu nyumbani: TP Mazembe ya Lubumbashi na AS Vita Club ya Kinshasa. Najua katika kila kijiji cha kambi hii kuna nyumba ambayo baba ni Mazembe na mjomba ni Vita na siku ya mechi hawasalimiani. Mnivumilie wote wawili.

Nianze na huyo huyo Kidiaba. Robert Kidiaba Muteba alizaliwa mwaka 1976 na alidakia Mazembe miaka mingi. Alichukua ubingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na tena 2015. Mwezi wa 12 mwaka 2010 alikuwa golini kule Abu Dhabi, Mazembe ilipowafunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya klabu bingwa ya dunia. Fainali walipigwa 3-0 na Inter ya Italia, lakini nani alijali? Mwaka 2015 akasaidia timu ya taifa kupata nafasi ya tatu Afrika, kwa penati, akiwa na miaka 39. Baadaye akabaki Mazembe kuwafundisha magolikipa wadogo. Na katika uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2018 akapata kiti cha udeputé wa jimbo la Haut-Katanga. Yule aliyekuwa anarukaruka kwa makalio na kile kisuko chake kichwani akaingia kwenye baraza akiwa na suti! Wako waliocheka. Mimi sioni cha kucheka. Watu wa Lubumbashi walimjua kwa miaka zaidi ya kumi, walimwona akifungwa na akisimama tena, na wabunge wangapi wanajulikana namna hiyo?

Wengine walibaki kwenye mpira kwa njia ya ualimu. Pamphile Mihayo alikuwa mchezaji wa Mazembe wakati wa ubingwa wa 2009 na 2010. Alipoacha kucheza akawa kocha wa klabu hiyo hiyo, na mwaka 2017 Mazembe ikachukua Kombe la Shirikisho yeye akiwa kwenye benchi. Zamani zaidi kulikuwa na Kalala Mukendi, mshambuliaji wa enzi za Englebert. Vijana, jina hilo mwaulize wazee: Mazembe iliitwa Englebert kwa jina la matairi ya gari, na kwa jina hilo ilichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Kalala alipostaafu akaja kufundisha mpaka timu ya taifa ya Zaire. Alifariki mwaka 2015.

Ualimu wa mpira ni kazi kama ualimu wangu. Mtu anafikiri ukishajua kucheza basi unajua kufundisha. Siyo. Kocha anasoma, anapata vyeti, anaandika ripoti, anaongea na wazazi, anajua mguu uliovimba ni wa barafu au wa hospitali. Aliyeacha shule darasa la tatu, hata awe na chenga namna gani, mlango huo unakuwa mzito kwake kuusukuma.

Sasa kuna kuondoka kwa aina nyingine, kule ambako mtu anaondoka kwenye klabu kubwa kwenda mbele zaidi. Hapa ndipo macho ya vijana wetu yanapowaka. Mbwana Samatta, Mtanzania wa Dar es Salaam, alikuwa Simba. Mwaka 2011 Simba ikacheza na Mazembe kwenye ligi ya mabingwa, kijana akawafunga, na wakubwa wa Mazembe badala ya kumchukia wakamnunua. Alikaa Lubumbashi miaka karibu mitano. Katika fainali ya 2015 dhidi ya USM Alger alifunga kule Algeria na akafunga tena nyumbani. Mwezi wa kwanza 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji. Akawa bingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, na 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Baadaye alizunguka Uturuki na Ugiriki. Pamoja na mwanamuziki Alikiba wameandaa mechi za hisani za SamaKiba kuchangisha pesa za kusaidia jamii kwao.

Lakini ndugu zangu, tazameni na Thomas Ulimwengu. Huyu naye ni Mtanzania, alikuwa Mazembe pamoja na Samatta, na alicheza timu moja na Samatta wakati wa ubingwa wa 2015. Naye akaenda Ulaya, Sweden, akakaa muda mfupi, halafu akaenda huku na huku, Sudan, Algeria, na akarudi Mazembe. Hilo si aibu hata kidogo. Ninachotaka kijana aone ni kwamba watu wawili wanaweza kutoka nchi moja, wakavaa jezi moja siku moja, na barabara ikawapeleka mbali kabisa mmoja na mwenzake. Goti likiuma wiki moja tu kabla ya kocha mgeni kuja kutazama, habari imekwisha.

Upande wa Vita, wote mnamjua Fiston Mayele. Aliondoka Vita mwaka 2021 akaja Yanga, na kwa miaka miwili watoto wote wa Tanzania, na wa kambi hii, walikuwa wanatetema. Mwaka 2023 aliongoza kwa magoli katika Kombe la Shirikisho, Yanga ikafika fainali. Akaenda Pyramids ya Misri, na mwezi wa sita 2025 wakachukua ubingwa wa Afrika, yeye akifunga kwenye mechi ya mwisho. Mayele ana bahati ya kuzaliwa katika wakati ambao mchezaji wa Kinshasa anaweza kusaini mkataba Dar es Salaam au Cairo, akauza miguu yake kwa bei anayokubali mwenyewe.

Haikuwa hivyo zamani. Na hapa naomba mzazi unayesoma kwa sauti, usome polepole.

Mwaka 1974 Zaire ilichukua Kombe la Afrika kule Misri. Wachezaji walitoka hasa Vita, Imana na Mazembe. Rais Mobutu alifurahi, akawapa nyumba na gari. Miezi mitatu baadaye wakaenda Ujerumani kwenye Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Wakafungwa na Scotland 2-0. Wachezaji wakasikia kwamba pesa zao za posho zimeliwa na wakubwa waliofuatana nao. Mioyo ikavunjika. Mechi ya pili Yugoslavia wakawapiga 9-0. Ya tatu Brazil 3-0.

Katika mechi hiyo ya Brazil kuna jambo ambalo dunia nzima imelicheka. Brazil wamepata faulo, wamepanga mpira, na mara beki wa Zaire anatoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla haujapigwa. Watangazaji wakasema Waafrika hawajui sheria. Beki huyo ni Mwepu Ilunga, mtu wa Mazembe. Bingwa wa Afrika hajui faulo? Yeye mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba alifanya makusudi, alikuwa na hasira kwamba wao wanacheza bure na wengine wanakula. Alisimulia pia vitisho walivyopewa kabla ya mechi hiyo, kwamba wakifungwa magoli mengi wasifikiri watarudi nyumbani salama. Waliporudi, hakuna aliyewapokea kwa ngoma. Uzeeni Mwepu aliishi kwa shida, na alipoulizwa na waandishi alisema kama angeanza maisha upya, angejitahidi zaidi kuwa mkulima. Alifariki mwezi wa tano 2015.

Kuna na golikipa wao, Kazadi Mwamba, naye wa Mazembe, mchezaji bora wa Kombe la Afrika la 1968. Siku ya Yugoslavia alitolewa nje baada ya magoli matatu, dakika ya ishirini na kitu. Alifariki 1996. Vijana wengi wa Lubumbashi wa leo wanamjua Kidiaba, Kazadi hawamjui.

Lakini mtu ambaye hasa nilitaka kuwaletea ni Ndaye Mulamba.

Ndaye alizaliwa mwaka 1948 Luluabourg, mji ambao leo ni Kananga. Alikuwa mshambuliaji wa Vita Club, na mwaka 1973 Vita ikachukua ubingwa wa Afrika kwa kuwageuzia Asante Kotoko ya Ghana: walifungwa 4-2 ugenini, wakashinda 3-0 Kinshasa. Watu walimwita Mutumbula. Katika Kombe la Afrika la 1974 alifunga magoli 9. Nusu fainali aliwafunga Misri wenyewe mawili kwao. Fainali dhidi ya Zambia ikaisha 2-2, yote mawili ya Zaire ni yake. Wakati ule penati hazikupigwa, mechi ikarudiwa baada ya siku mbili, Zaire ikashinda 2-0, na yote mawili ni ya Ndaye tena. Mpaka leo hakuna aliyefunga magoli 9 katika Kombe moja la Afrika. Wamepita Eto'o, Drogba, Salah, hakuna.

Kule Ujerumani alitolewa kwa kadi nyekundu katika mechi ya 9-0, na hakuwa na kosa. Mwenzake alimpiga refa teke kwa nyuma, refa alipogeuka akamchukua Ndaye. Na Mwepu alikuja kukiri kwamba ni yeye aliyepiga. Nikisoma habari hii nawaza ni mara ngapi katika maisha mtu analipa deni la aliyesimama pembeni yake.

Miaka ikapita. Mwaka 1994 Shirikisho la Mpira la Afrika likamwita Tunisia, likamheshimu kwa medali kwa ajili ya yale magoli 9. Alirudi Kinshasa na medali yake. Watu wenye silaha wakafikiri mtu aliyeitwa na wakubwa hawezi kurudi bila dola. Walimvamia, wakampiga risasi mguuni. Ule mguu, wapenzi wasomaji. Akaachwa wakidhani amekufa, akaokolewa na akakaa miezi mingi akitibiwa. Katika fujo za miaka ile alimpoteza na mtoto. Mwaka 1996, vita ilipoingia nchini, akakimbia. Akafika Afrika Kusini akiwa mkimbizi.

Afrika Kusini hakuna kambi kama hii yetu. Mkimbizi anaomba karatasi na kujitafutia mjini, hakuna mgao wa unga wala turubai. Wengine hapa hutamani maisha ya namna hiyo, na mimi siku nyingine natamani pia. Ndaye aliyaishi. Alifika Cape Town, familia moja ya mtaa wa maskini ikampokea. Hakuna aliyemjua. Alilinda magari ya watu kwenye maegesho, akipewa sarafu. Alikunywa sana pombe. Ebu fikirieni, mwenye gari anatupa sarafu kwenye kiganja cha mtu aliyefunga magoli manne katika fainali ya Afrika, halafu anaondoka akisikiliza matangazo ya mpira kwenye redio.

Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, ilitangazwa kwamba Ndaye amefariki kwenye machimbo ya almasi Angola. Uwanja ukasimama kimya dakika moja kumwombea. Kumbe yeye yuko hai Cape Town. Sijui kama kuna upweke kuliko huo, bara zima linakulilia na hakuna hata mmoja anayekuja kukutafuta.

Baadaye mambo yake yakawa afadhali. Alioa kule, akapata kazi ya kufundisha timu ya mtaani. Watu wakaanza kumtambua, ikatengenezwa filamu juu yake inayoitwa Forgotten Gold, na kikatoka kitabu cha maisha yake kwa Kifaransa. Alifariki Johannesburg tarehe 26 mwezi wa kwanza 2019, akiwa na miaka 70.

Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hii, mvulana mmoja aliuliza: "Kwa hiyo alikuwa kama sisi?" Nikamwambia ndiyo, alikuwa na karatasi ya ukimbizi kama ya baba yako. Akanyamaza. Halafu mwingine akauliza kama waliompokea Cape Town walikuwa wanajua ni Ndaye. Mimi nafikiri swali la huyu wa pili ni zito zaidi. Hawakuhitaji kujua. Walimpa pa kulala kwanza.

Mzazi mmoja aliyesoma maandishi haya kabla hayajachapwa aliniambia nimewatisha watoto, kwamba baada ya Ndaye hakuna atakayetaka mpira. Sikubaliani naye. Ndaye hakuangushwa na mpira. Aliangushwa na posho iliyoliwa, na wakati ambao mchezaji hakuwa na ruhusa ya kwenda kucheza nje anapotaka, na watu wa bunduki, na vita. Mayele ametoka klabu ile ile na mambo yake ni mengine. Tofauti kubwa ni karatasi: mkataba uliosainiwa, unaosomeka, wenye tarehe na kiasi. Ndiyo maana nawaambia vijana wa timu zetu za kanda, jifunzeni kusoma Kifaransa au Kiingereza angalau cha kuelewa ukurasa mmoja. Siku mtu akija na kalamu na kusema "saini hapa, nitakupeleka majaribio mjini", usiwe wewe unayemwomba yeye yule akusomee. Watu wa namna hiyo wamekwisha kupita hapa kambini, wamechukua pesa za wazazi kwa ahadi ya majaribio, na hawakuonekana tena. Mtu akikutajia timu, mwambie alete barua ya timu yenye muhuri na namba ya simu, na barua hiyo ionekane na mwalimu au kiongozi wa kijiji kabla hujauza hata blanketi.

Na mguu ukivunjika? Au ukifika tu umri? Rainford Kalaba, Mzambia aliyekuwa nahodha wa Mazembe, alipata ajali mbaya ya gari karibu na Kafue mwezi wa nne 2024. Naye habari zikatoka kwamba amekufa, kama Ndaye. Alikuwa hai, akatibiwa, akatoka hospitali mwezi uliofuata. Mwanamke aliyekuwa naye garini hakupona. Kwa Kalaba habari ilisahihishwa siku ile ile, maana siku hizi simu ziko kila mahali na klabu na shirikisho wanajua mtu wao yuko wapi. Ndaye alihesabiwa marehemu bila mtu kupiga simu hata moja.

Hapa kambini wako wazee waliosikiliza ile fainali ya 1974 kwenye redio, na yuko mmoja katika kijiji chetu anayesema aliiona Vita ikicheza Kinshasa mwaka ule wa Kotoko. Ananihesabia wachezaji kwa vidole bila kukosea. Wenye kumbukumbu kama hizo, au picha za zamani za Vita, Mazembe, Imana, hata Vital'O kwa ndugu zetu wa Burundi, leteni kwenye chumba cha gazeti nyuma ya shule siku ya Jumatano baada ya mgao. Picha tutazinakili na kuwarudishia siku hiyo hiyo, mkononi.

Mwezi ujao nitaandika juu ya wasichana. Timu ya wanawake ya Mazembe ilichukua ubingwa wa Afrika mwaka 2024, na wale wasichana watatu wa darasa la sita waliosema wanataka kuwa walimu, mmoja wao amebadilisha jibu.